Koleo la Kushikia Nati: Tuchague Lipi?



Katika vijiji vingi kuna bomba la maji, au pampu ya kisima, au mashine ya kusaga nafaka. Vitu hivi vyote vimefungwa kwa nati. Nati ni kitu kidogo. Inaenea katika kiganja cha mtoto. Lakini nati moja ikiharibika, kazi ya kijiji kizima inaweza kusimama.

Fikiri juu ya bomba la maji. Ndani yake kuna washa ya mpira. Washa ikichakaa, maji huvuja usiku na mchana. Kubadilisha washa si kazi kubwa. Unafunga maji kwenye koki kuu. Unafungua nati ya kichwa cha bomba. Unatoa washa iliyochakaa na kuweka mpya. Kisha unafunga nati tena.

Lakini kama nati imelika kona zake, haifunguki. Huwezi kuifikia washa. Sasa itabidi kununua bomba jipya, au kumwita fundi kutoka mbali. Fedha za mfuko wa maji zinatumika. Na siku zote hizo akina mama na watoto wanarudi mtoni na ndoo zao.

Ni nini kinachokula kona za nati? Wakati mwingine ni kutu. Lakini mara nyingi ni chombo kisichofaa, kilichotumiwa na mtu mwenye nia njema. Kwa hiyo kuchagua chombo ni jambo la kulifikiria vizuri, hasa kama kinanunuliwa kwa michango ya wananchi.

Katika somo hili tutajifunza juu ya makoleo mawili. Yote mawili yanapanuka na kufungwa. Yote mawili yana midomo laini, isiyo na meno. Ukiyatazama kwa haraka, utadhani ni ndugu. Lakini hayafanyi kazi sawa, na bei zake hazilingani hata kidogo.

1. TUITAZAME NATI

Chukua nati moja uiweke mezani. Hesabu pande zake. Nati nyingi zina pande 6 na kona 6. Kila upande ni bapa. Chombo kizuri hushika nati kwenye pande bapa. Chombo kibaya hushika kona.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Tufanye hesabu kidogo.

Tuseme nati ina upana wa milimita 19. Kutoka katikati ya nati hadi kwenye kona ni karibu sentimita 1. Mkono wako umeshika mpini wa chombo, sentimita 20 kutoka katikati ya nati. Mkono uko mbali mara 20 kuliko kona. Kwa hiyo nguvu yako inazidishwa karibu mara 20.

Ukivuta kwa nguvu ya kilo 20:
20 × 20 = 400

Nati inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 400. Huo ni uzito wa magunia manne ya mahindi, kila gunia kilo 100! Nguvu hiyo ikiingia kwenye pande bapa, nati inastahimili na kuzunguka. Ikiingia kwenye ncha za kona tu, kona zinapondwa. Chombo kinateleza. Ukirudia mara mbili au tatu, nati inakuwa duara kama shilingi.

Nati za bomba la maji mara nyingi ni za shaba. Shaba ni laini kuliko chuma. Hulika upesi zaidi.

2. JARIBIO LA KIBERITI

Fanya jaribio hili nyumbani au darasani. Unahitaji kiberiti kimoja tu.

Kwanza, weka kiberiti kati ya viganja vyako viwili. Nyoosha viganja viwe bapa. Bana. Mwambie mwenzako akizungushe kiberiti. Ataona kazi. Kiberiti kimeshikwa upande mzima.

Pili, unganisha viganja upande wa vifundo tu, na uviache vimefunguka upande wa vidole, kama mdomo wa mamba. Weka kiberiti ndani ya mdomo huo. Bana. Utaona kiberiti kinasukumwa nje. Viganja vinagusa kingo tu.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya makoleo yetu mawili. Moja linafunguka kama mdomo wa mamba. Lingine linafunguka kama viganja vilivyonyooka. Tuyatazame moja moja.

3. KOLEO LA KUREKEBISHA

Koleo hili wengi wanalijua. Wengine huliita plaizi ya bomba. Lina mipini miwili mirefu na midomo iliyopinda kidogo. Mipini imeunganishwa kwa pini moja. Pini hiyo inaweza kuhamishwa kwenye mifuo, yaani ngazi ndogo zilizochongwa katika chuma. Ukihamisha pini ngazi moja, mdomo unapanuka zaidi.

Makoleo mengi ya namna hii yana meno. Lakini yapo yenye midomo laini. Haya yametengenezwa kwa ajili ya nati zinazong'aa, nati za shaba na viungo vya plastiki. Hayaachi makovu ya meno.

Faida zake ni hizi:
(a) Bei yake ni nafuu.
(b) Ni rahisi kulipata.
(c) Linashika vitu vya ukubwa mwingi.
(d) Lina sehemu chache, na kila mtu anaweza kulitumia.

Hasara zake ni hizi:
(a) Midomo yake huzunguka kwenye pini moja kama mkasi. Kwa hiyo inakuwa sambamba mahali pamoja tu katika kila ngazi. Ukubwa wa nati usipolingana na mahali hapo, midomo inakaa kwa mshazari. Inashika kona.
(b) Mkono wako una kazi mbili kwa wakati mmoja: kubana na kuzungusha. Nati ikiwa ngumu, mkono unachoka kubana na koleo linateleza.
(c) Halina meno ya kulisaidia. Kubana kwako kukilegea kidogo tu, koleo linachomoka. Vidole vyako vinagonga ukuta au chuma.

Neno "sambamba" maana yake ni kwamba mistari miwili inakwenda pamoja, haikaribiani wala haiachani. Tazama reli mbili za treni. Reli hizo ziko sambamba.

4. KOLEO-SPANA

Chombo cha pili ni kigeni kwa wengi. Katika somo hili tutakiita koleo-spana, kwa sababu ni koleo lakini linafanya kazi ya spana. Kwa mfano, kiwanda cha Knipex cha Ujerumani kinatengeneza makoleo-spana, na vipo viwanda vingine pia.

Kwa mbali linafanana na lile la kwanza. Lina mipini miwili. Lina midomo laini. Lakini mdomo wake mmoja hauzunguki kama mkasi. Unateleza ukiwa umenyooka, kama droo ya meza inavyoingia na kutoka. Kwa sababu hiyo midomo inabaki sambamba kila wakati, nati ikiwa ndogo au kubwa. Unabonyeza kitufe, unasogeza mdomo hadi kwenye ukubwa wa nati, kisha unaachia kitufe.

Ukibana mipini, mdomo unasogea tena kidogo na kuziba nafasi iliyobaki. Nati inashikwa pande mbili bapa bila kucheza. Isitoshe, mipini imepangwa ili kuzidisha nguvu ya mkono. Kiwanda nilichokitaja kinaeleza kwamba nguvu ya kubana inazidishwa mara 10. Yaani ukibana kwa nguvu ya kilo 10, nati inabanwa kwa nguvu ya kilo 100.

Faida nyingine ni hii. Nati nyingi hupimwa kwa milimita, lakini nyingine, hasa za mashine za zamani, hupimwa kwa inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 inaivaa, lakini inacheza kidogo. Kucheza huko ndiko kunakoanza kula kona. Koleo-spana halijali inchi wala milimita. Linabana mpaka nafasi inakwisha.

Koleo-spana lenye urefu wa milimita 250 linaweza kupanuka kufikia kiasi cha sentimita 5. Chombo kimoja kinachukua nafasi ya spana nyingi.

Hasara zake nazo tuzijue:
(a) Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya koleo la kurekebisha.
(b) Halipatikani katika kila duka.
(c) Kichwa chake ni kipana. Mahali pembamba halipenyi.
(d) Lina sehemu zinazoteleza. Mchanga ukiingia, linakwama.

5. KAZI GANI, CHOMBO GANI?

Sasa tuulizane: tununue lipi? Usianze na duka. Anza na nati zako. Nenda kwenye bomba, kwenye pampu au kwenye mashine. Pima nati zote kwa rula. Andika vipimo katika daftari. Baada ya hapo soma maelezo haya.

Kama nati zako zote ni za ukubwa mmoja au wa aina mbili, usinunue koleo lolote kati ya haya mawili. Nunua spana ya namba hiyo. Spana ya duara, ile inayozunguka nati pande zote, ni bora kupita makoleo yote, na bei yake ni ndogo. Mfano ni pampu ya mkono ya Afridev. Pampu hii ilibuniwa katika miaka ya 1980 nchini Malawi na Kenya. Waliobuni walitaka wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe kwa zana chache tu. Kama kijiji chenu kina pampu hiyo, itunzeni spana yake.

Kama nati ni za ukubwa mwingi, ni za shaba au zinang'aa, na zinafunguliwa mara kwa mara, koleo-spana linastahili bei yake. Nati chache zikiokolewa, fedha zinarudi.

Kama kazi ni nyepesi, koleo la kurekebisha linatosha. Kazi nyepesi ni kama kushikilia kitu kisizunguke, kufungua kifuniko kilichokaza, au kukaza kiungo cha plastiki.

Kama unataka kuzungusha bomba lenyewe, ambalo ni duara, makoleo yote mawili hayafai. Bomba la duara halina pande bapa. Midomo laini itateleza. Kazi hiyo inataka spana ya bomba yenye meno. Na spana hiyo ya meno nayo isiguse nati ya shaba, maana itaitafuna.

Kama nati imeshikwa na kutu, kwanza isugue kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kulainisha na uiache mpaka kesho. Kisha tumia spana ya duara. Usianze na koleo la kurekebisha. Hapo ndipo nati nyingi zinapofia.

6. DUKANI

Ukienda dukani, chukua nati ya zamani mfukoni. Hiyo ndiyo mizani yako. Tuseme mama mmoja, mjumbe wa kamati ya maji, ametumwa kununua chombo. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Karibu, mama. Chukua hili. Ni imara, na bei yake nafuu."

"Asante, mwanangu. Nimekuja na nati yangu. Tulijaribu kwanza."

"Mama, koleo ni koleo tu!"

"Basi kama ni koleo tu, halitaogopa nati yangu."

Mama huyo anajua anachofanya. Nawe fanya kama yeye. Kagua mambo haya:

(1) Weka nati katikati ya midomo na ubane. Inua juu kwenye mwanga. Je, unaona mwanga ukipita kati ya mdomo na upande bapa wa nati? Ukiona mwanga, chombo kinashika kona.
(2) Jaribu nati ya ukubwa mwingine, kama unayo.
(3) Shika mdomo mmoja na uutikise. Ukicheza sana dukani, nyumbani utacheza zaidi.
(4) Bana kwa nguvu zako zote. Je, pini au kitufe kinaruka ngazi? Chombo kinachoruka kitakuumiza.
(5) Tazama mipini ikifungwa. Je, iko nafasi ya kutosha ili vidole visibanwe?
(6) Soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. "250 mm" ni urefu wa chombo, siyo ukubwa wa nati. Usichanganye.

Kumbuka pia jina la kiwanda peke yake halitoshi. Majina huigizwa. Nati yako haidanganyi.

7. NAMNA YA KUTUMIA

Chombo kizuri kikitumiwa vibaya huharibu kama kibaya.

Ingiza nati mpaka ndani kabisa ya midomo. Usishike kwa ncha. Elekeza uwazi wa midomo kule unakozungusha. Hivyo chombo kinajikaza chenyewe badala ya kuchomoka. Ukiweza, vuta kuelekea kwako, usisukume. Ukisukuma na chombo kikateleza, mkono unakwenda mbele na kugonga.

Unapozungusha nati ya kiungo cha bomba, shika bomba kwa chombo cha pili, tena karibu na nati. Usipolishika, bomba zima linaweza kujipinda na kupasuka mahali usipopaona.

Koleo-spana lina raha moja. Ukifika mwisho wa mzunguko, huna haja ya kulitoa. Legeza mkono, rudisha mpini nyuma, bana tena, endelea. Lakini usilegeze katikati ya kuvuta.

Usigonge nyundo kwa koleo. Usivike bomba refu kwenye mpini ili kuongeza nguvu. Na usiguse nyaya za umeme kwa kuamini plastiki ya mipini. Plastiki ya kawaida ni ya kushikia tu. Haikingi umeme.

8. KUTUNZA

Chombo cha kijiji ni mali ya wote, lakini lazima kiwe na mlinzi mmoja. Kila baada ya kazi kifutwe maji na mchanga. Mara kwa mara kitiwe tone la mafuta kwenye pini na mahali panapoteleza. Kisiachwe sakafuni wala kwenye umande.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Fungua daftari la zana. Andika tarehe, jina la aliyechukua, kazi anayokwenda kufanya, na tarehe ya kurudisha. Daftari linazuia ugomvi. Pia linaonyesha chombo kimetumika mara ngapi. Mwaka ukiisha, mkutano utajua kama fedha zilitumika vizuri.

TUKUMBUKE

Nati hushikwa pande bapa, siyo kona. Koleo la kurekebisha ni la kazi nyepesi. Koleo-spana ni ghali, lakini linalinda nati za ukubwa mwingi. Nati za ukubwa mmoja zinataka spana yake. Bomba la duara linataka chombo chenye meno. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekataa kununua chombo kinachofaa leo, kesho atanunua bomba zima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nati ina pande ngapi? Kwa nini kona zake hulika?
2. Eleza kwa maneno yako maana ya "sambamba". Toa mfano mmoja usiokuwa katika somo hili.
3. Kijiji kina pampu moja. Nati zake zote ni za namba 19. Mjumbe mmoja anataka kununua koleo-spana. Utamshauri nini?
4. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 15, na nguvu ikazidishwa mara 20, nati itasukumwa kwa nguvu ya kilo ngapi?
5. Zana za kijiji chenu anazitunza nani? Je, kuna daftari?

ZOEZI

Nenda kwenye bomba au mashine iliyo karibu nawe. Pima nati tano. Andika vipimo vyake kwa milimita. Leta orodha yako darasani. Pamoja na wenzako, amueni ni chombo gani kinafaa.